Namba Mbili za Mzee wa Makangale

Mzee alikiweka kikaratasi juu ya meza, akakinyoosha kwa kiganja. Kilikuwa kimekunjwa mara nne na mikunjo imeanza kukatika. Juu paliandikwa jina la mtumiaji kwa wino wa buluu, chini yake namba ya simu ya kupiga, na chini kabisa namba mbili ndefu, kila moja ina nukta tatu. Alitoka nacho Makangale alfajiri, kwa gari ya abiria iliyopita katikati ya Msitu wa Ngezi, ikatokea Konde, ikamfikisha Wete. Mpwa wake alikuwa na kompyuta na laini ya simu katika chumba cha nyuma cha duka. Mwana wa mzee alikuwa Muscat, na barua zake zilikuwa zikija kwa intaneti. Hiyo ilikuwa wiki ya pili haziji.

“Mwanangu,” aliniambia, “mashine inapiga, inalia, inashika. Ikishashika haisemi.”

Ilikuwa mwaka 2001. Mimi nilikuwa fundi wa mtoa huduma mmoja wa Unguja, nimevuka kwa meli hadi Mkoani kuwazungukia wateja wa Pemba. Nilikaa, nikapiga. Modemu ikalia mlio wake, ikanyamaza, jina na nywila vikakubaliwa, na pembeni mwa kioo ikaonekana ile alama ya kompyuta mbili ndogo zilizoungana. Nikaandika jina la tovuti. Kimya. Nikaandika anwani ya namba ya mashine ninayoijua kwa kichwa, ikajibu. Hapo nikajua njia iko wazi. Kilichokufa ni zile namba mbili za chini ya kikaratasi.

Mzee aliipatia vizuri kuliko fomu zetu za kuandikia malalamiko. Kushika ni jambo moja na kusema ni jingine.

Kompyuta haijui majina, inajua namba. Mtu akiandika jina, kompyuta yake huiuliza seva ya majina: huyu anakaa wapi? Seva hujibu kwa namba, ndipo safari inaanza. Lakini seva ya majina yenyewe haiwezi kutafutwa kwa jina; lazima namba yake ijulikane kabla ya swali la kwanza. Hiyo ndiyo kazi ya namba mbili zilizo kwenye kikaratasi, ya kwanza na ya akiba. Zikikosewa, mtu anakuwa kama aliyefika mji asioujua akiwa na jina la mwenyeji wake tu, na hakuna wa kumuuliza.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Mtandao ulipokuwa mdogo, majina yote ya mashine yaliandikwa katika faili moja lililotunzwa na Elizabeth Feinler na wenzake katika taasisi ya SRI, California, na kila aliyelihitaji alijichukulia nakala. Mashine zilipoongezeka faili lile likashindwa kwenda na mwendo. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akaleta mfumo wa kugawanya majina kwa vikoa, kila kikoa kikajibu kwa ajili ya majina yake, na kanuni zake zikaandikwa upya mwaka 1987. Kenya ilipata kikoa chake cha .ke mwaka 1993, Tanzania ikapata .tz mwaka 1995.

Wakati huo Tanzania ilikuwa na barua za kompyuta tayari, ila za namna nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mradi wa HealthNet uliwaunganisha madaktari kwa mtindo wa Fido: unaandika barua zako, kompyuta inapiga simu mara moja, inazimwaga zote kwa mkupuo, inachukua zilizokuja, inakata. Nairobi nako mashirika ya mazingira na maendeleo yalifanya hivyohivyo kupitia kituo cha ELCI. Ulikuwa mtindo wa busara kwa nchi ambayo simu ilikuwa ghali na laini mbovu. Mteja hakuhitaji kujua seva ya majina ni kitu gani, maana alijua mashine moja tu, ile aliyoipigia. Intaneti kamili ilikuja nyuma yake. Kenya mwaka 1995 watu walikuwa wanaunganishwa, na Dar es Salaam kampuni ya CyberTwiga ikafungua biashara mwaka 1996. Hapo ndipo kikaratasi kilipozaliwa.

Aliyetumia kompyuta ya Windows 3.1 siku zile anaikumbuka programu ya Trumpet Winsock, kazi ya Peter Tattam wa Tasmania, Australia. Ilikuwa na dirisha moja lenye vijisanduku vya kujaza: anwani yako, lango lako, seva yako ya majina. Kila kijisanduku kilijazwa kwa mkono. Ukikosea tarakimu moja, hakuna aliyekwambia umekosea wapi. Mtoa huduma alimpa mteja karatasi, mteja akanakili, na karatasi ile ikawa hati ya thamani ndani ya nyumba, ikabandikwa ukutani au ikawekwa pamoja na vyeti.

Huko nje wahandisi walikuwa wameshaanza kupunguza kazi hiyo. Mwaka 1992 itifaki ya PPP, ambayo ndiyo iliyozifanya kompyuta mbili zizungumze juu ya laini ya simu, ilipata sehemu yake iitwayo IPCP. Sehemu hiyo ilimwezesha mteja kupewa anwani yake palepale anapounganishwa. Kijisanduku kimoja kikaondoka. Cha seva ya majina kikabaki, na kilibaki kwa makusudi: wengi wa walioshughulika na itifaki hizo waliona kwamba kugawa habari za majina si kazi ya laini ya simu, ina mlango wake mwingine. Hoja hiyo ilikuwa safi kwenye karatasi. Kwenye dawati la huduma kwa wateja, ambako mtu anasoma tarakimu kumi na mbili kwenye simu huku mwenzake upande wa pili akiandika saba badala ya moja, haikuwa na msaada.

Aliyeukata mkwamo ni Steve Cobb wa Microsoft. Windows 95 ilitoka Agosti 1995, na Desemba mwaka huohuo Cobb akachapisha waraka mfupi, RFC 1877, unaoongeza machaguo manne katika IPCP. Namba 129 ni seva ya majina ya kwanza, 131 ni ya pili. 130 na 132 ni za mfumo wa majina wa Windows wenyewe. Waraka ulitolewa kwa ajili ya taarifa tu, haukuwa kanuni rasmi, lakini kompyuta nyingi zaidi duniani zilikuwa zinakuja na programu inayoutii, na hilo likawa kanuni tosha.

Namna ulivyofanya kazi ina adabu yake. Kompyuta ya mteja hutuma ombi: naomba seva yangu ya majina iwe sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Upande wa pili hukataa. Lakini kukataa huko huja na jibu ndani yake: hiyo hapana, chukua hii. Kompyuta huomba tena, safari hii kwa namba iliyopewa, na mara hii hukubaliwa. Yote hayo hupita baada ya mlio wa modemu na kabla mtu hajaugusa ubao wa kuandikia.

Sasa swali likahama. Ile mashine ya kupokea simu, iliyofungwa modemu nyingi, itaipata wapi namba ya kumpa mteja? Anayeitazama kwa mbali atasema iandikwe ndani ya mashine hiyo, basi. Na ndivyo ilivyofanywa mahali pengi. Katika mashine za Cisco ilikuwa amri ya mstari mmoja. Lakini mtoa huduma akishakuwa na mashine tano katika miji mitano, au akiwa anawapokea wateja wa mwenzake, mstari mmoja hautoshi. Wateja tofauti wanahitaji seva tofauti. Mahali pa kuamua ni pale panapomjua mteja, na panapomjua mteja ni pale panapothibitishwa jina na nywila yake.

Hapa inaingia RADIUS. Mwaka 1991 mtandao wa Merit huko Michigan, wenye vituo vingi vya kupigia simu, ulikuwa unatafuta njia ya kuwatambua wapigaji wote kutoka mahali pamoja. Kampuni ya Livingston ya Pleasanton, California, ikajibu kwa itifaki hii. Januari 1997 ikachapishwa kwa mara ya kwanza kama waraka wa wazi, majina yakiwa Carl Rigney na Steve Willens wa Livingston, Allan Rubens wa Merit, na William Simpson. Ikarekebishwa Aprili mwaka huohuo, kisha Juni 2000 ikatoka ile ambayo mafundi wanaitaja hadi leo, RFC 2865.

Naipenda itifaki hii kwa jinsi ilivyo ndogo. Mashine ya kupokea simu hutuma pakiti ya ombi, ndani yake jina na nywila iliyofichwa kwa siri inayojulikana na pande mbili tu. Seva hujibu ndiyo au hapana. Jibu la ndiyo hubeba sifa, moja baada ya moja: namba ya sifa, urefu wake, thamani yake. Sifa ya 8 ni anwani ya mteja. Sifa ya 27 ni muda wa juu wa kuwa hewani. Ya 28 ni sekunde za kukaa kimya kabla ya kukatwa. Pitia orodha yote ya waraka ule mpaka mwisho: seva ya majina haimo.

Nililitazama pengo hilo usiku mmoja katika chumba chetu cha mitambo nikadhani nimeruka ukurasa. Sikuruka. Waliokuwa wanaandika waliacha mlango mmoja wazi, sifa ya 26, ambayo kila mtengenezaji angeweza kutia mambo yake mwenyewe ndani yake kwa kutanguliza namba ya utambulisho wake. Kila mtu akapita mlangoni kwa njia yake. Ascend, waliouza mashine kubwa za kupokea simu, hata hawakupita mlangoni. Walijitwalia namba za juu za orodha yenyewe, 135 kwa seva ya kwanza, 136 kwa ya pili, na 137 ya kuruhusu zitolewe. Cisco walitumia mstari wa maneno wenye jina la kitu na thamani yake. Microsoft, kwa waraka wa Glen Zorn wa Machi 1999, wakatumia sifa zao za 28 na 29 chini ya utambulisho 311. Jambo moja, lugha tatu, na hakuna mashine iliyolazimika kujua lugha ya mwenzake.

Tena waraka unasema wazi kwamba anayepokea sifa asiyoijua anaruhusiwa kuipuuza. Haipigi kelele, haiandiki popote. Inaitupa na kuendelea.

Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya kikaratasi cha mzee wa Makangale. Seva yetu ya uthibitishaji, programu ya bure ya Cistron iliyoandikwa na Miquel van Smoorenburg wa Uholanzi, ilikuwa inatuma namba za seva ya majina kwa sifa za Microsoft, kama tulivyozisoma. Mashine yetu mpya ya kupokea simu ilizielewa. Ile ya zamani, ambayo ndiyo iliyowapokea wengi wa Pemba, ilikuwa inazitupa. Hatukulijua hilo. Tulichokijua ni kwamba wateja wa upande ule “hawapati majina”, na tukapata dawa ya haraka: tukawaagiza waandike namba mbili kwa mkono. Dawa ikafanya kazi mwaka mzima.

Kisha tukahama kutoka kwa muuzaji mmoja wa satelaiti kwenda kwa mwingine. Siku hizo mtoa huduma mdogo wa kwetu hakuwa na anwani zake. Alikuwa mpangaji wa anwani za aliyemuuzia njia, na ukihama unarudisha ufunguo. AfriNIC, ofisi ya Afrika ya kugawa anwani, yenye makao Mauritius, ilikuja kutambuliwa rasmi baadaye, mwaka 2005. Kwa hiyo tulipohama, seva zetu za majina zikabadilika namba. Wateja waliopewa namba na mashine hawakuona kitu. Walioziandika kwa mkono, kwa agizo letu, wakabaki wanabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Kuna wanaouliza kwa nini hatukuwaelekeza wote kwenye seva moja ya ng’ambo isiyobadilika. Tulijaribu. Satelaiti inakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali kupanda na kushuka, na jibu kupanda na kushuka, ni zaidi ya nusu sekunde hata mawimbi yakiwa shwari. Ukurasa mmoja ukiwa na majina manne ndani yake, mteja anakaa sekunde kadhaa kabla picha ya kwanza haijaanza kuja, na kila dakika ni pesa za simu. Seva ya hapahapa, inayokumbuka majina yaliyokwisha kuulizwa, hujibu papo hapo. Kwa mtu wa Pemba, seva ya majina iliyo karibu ilikuwa shilingi zake mfukoni. Na umeme wenyewe ulikuwa wa majenereta ya dizeli ya Wesha, ukikatika kila mtu anapiga upya, anathibitishwa upya, anaanza kuuliza majina upya.

Siku ile Wete nilifanya nililoweza. Nilifungua mipangilio, nikafuta namba za zamani, nikaandika mpya. Tukapiga. Barua za Muscat zikaanza kushuka moja moja, saba. Mpwa akazisoma kwa sauti, na mzee akawa anaitikia kila mstari kana kwamba mwanawe yuko mlangoni. Katika ya nne mwana anauliza kwa nini baba amenyamaza, kama kuna ugonjwa nyumbani. Mzee akanigeukia, hakusema neno. Akakisogeza kikaratasi kwangu nimwandikie namba mpya.

Niliandika huku nimeinamisha uso. Wiki mbili za hofu ya mtu aliye ng’ambo zilitokana na sifa mbili zilizotupwa na mashine kimyakimya, pamoja na sisi tuliokubali kikaratasi kifanye kazi ambayo ni yetu.

Niliporudi Unguja nilitafuta kitabu cha mashine ile ya zamani na orodha ya sifa za mtengenezaji wake. Kazi yenyewe haikumaliza robo saa. Katika faili la watumiaji, ambalo ni maandishi matupu, niliongeza sifa inazozijua mashine ya zamani pamoja na zile inazozijua mpya, nikaiwasha upya seva, nikapiga kutoka kwenye simu ya mezani ya ofisi kama mteja wa kawaida. Nikaona katika kumbukumbu za PPP ombi la masifuri, kukataliwa, namba, kukubaliwa. Nilirudia mara tatu kwa kuwa sikuamini. Kesho yake nikampigia mpwa wa mzee, nikamwongoza hadi kwenye dirisha la seva ya majina, nikamwambia aweke alama kwenye mstari unaosema namba zitolewe na upande wa pili, afute kila kilichoandikwa. Akauliza: “Na karatasi ya ami?” Nikamwambia zile mbili za chini azikate.

Mwaka uliofuata tulibadilisha tena muuzaji wa satelaiti. Kutoka Pemba haikuja simu hata moja.

Enzi ya kupiga simu ilififia haraka. Zantel ilianzishwa mwaka 1999, minara ikaenea, data zikaja juu ya simu za mkononi. Kebo ya SEACOM ikafika Dar es Salaam Julai 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na mwaka huohuo Pemba ikaunganishwa na umeme wa Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari. Waliokuwa na modemu za USB watakumbuka kwamba programu yao bado ilikuwa “inapiga”: *99#. Kompyuta na modemu ile bado zilikuwa zinazungumza PPP, na bado zilikuwa zinaomba masifuri. Kanuni rasmi ya RADIUS kwa seva ya majina ilikuja Aprili 2013, katika RFC 6911, lakini ni kwa anwani mpya za IPv6 tu. Ile ya anwani za zamani, tuliyoitafuta usiku kucha, inaendelea kupita kwa milango ya watengenezaji.

Nilikwenda Makangale tena si zamani. Ukishatoka kwenye kivuli cha Ngezi njia inafunguka, minazi, migomba, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, na mbele Rasi ya Kigomasha na mnara wake wa taa wa chuma. Mzee ameshatangulia mbele ya haki. Mjukuu wake, aliyekuwa anaanika nyavu, alinionyesha picha za mtoto aliyezaliwa Muscat wiki ile. Mtandao ulikuwa umekatika kidogo. Akazima data, akawasha tena, akasubiri.

Katika kusubiri kule simu yake ilikuwa inatuma ombi kwenye lango la kampuni. Lango linaweza kwenda kuiuliza seva ya RADIUS kuhusu mteja huyu, kama ilivyokuwa siku zetu, kisha linajibu. Na ndani ya ombi la simu mna kifuko kidogo cha mipangilio, ambacho watu wa simu za mkononi walikiwekea nafasi ya kubeba ujumbe uleule wa IPCP, 129 na 131 vilevile. Simu inaomba sifuri nne. Lango linakataa, linaipa namba mbili. Picha ya mtoto ikafunguka.